Gunia la Matumbawe Lililofika Busia

Harufu ilitangulia mzigo. Kabla dereva hajakanyaga chini nilikuwa nimeshamtazama jirani yangu, mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, naye alikuwa ameshanitazama mimi, kila mmoja akimlaumu mwenzake kimoyomoyo. Yeye alikuwa na haki ya kujiamini. Omena wake walikuwa wakavu na alijua kila kikombe kimetoka ufuo gani. Mimi nilikuwa na duka la vioo, saa za ukutani na maua ya plastiki, vitu ambavyo havijawahi kumtia mtu kichefuchefu isipokuwa kwa bei.

"Mathe, chukua kitu yako," dereva alisema, akalibwaga gunia miguuni pangu. "Nimelala nayo tangu Mtito. Madirisha wazi, na bado."

"Ni mapambo," nikamwambia.

"Mapambo ya wapi? Mochari?"

Hapa Busia kuna mzigo wa lori na mzigo wa dereva. Wa lori una karatasi, una mihuri, una watu wa kuukagua kituoni. Wa dereva unakaa nyuma ya kiti chake, unasafiri kwa neno la mdomo, na kanuni yake ni moja: haufunguliwi barabarani. Ukiufungua mbele ya lori umemwambia dereva kwamba humwamini, na safari ijayo atakuletea salamu tu. Kwa hiyo nililipokea gunia kama lilivyo, nikamlipa, nikamtakia heri, nikalivuta hadi stoo huku nikipumua kwa mdomo.

Wananiita Hajati, ingawa safari yangu ya mbali kuliko zote ni Mombasa. Dukani kwangu kuna kona niliyoipa heshima kuliko nyingine, kona ya bahari: makombe makubwa ya kuwekea sikio, na matumbawe meupe yenye matawi kama miti midogo iliyonyeshewa chumvi. Watu wa bara hupenda sana vitu vya bahari, hasa wasiokwenda. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Tororo anayepamba nyumba za kulala wageni, zile zinazopokea watu wa kazi za machimbo ya Osukuru. Alichukua kwangu pazia, vioo, mazulia, na kila chumba alichokimaliza alikitia tawi moja la tumbawe juu ya meza. Safari hii alitaka makubwa, ya kusimama sakafuni. Niliagiza kwa shemeji yangu aliye pwani, mume wa mdogo wangu, na shemeji akaniambia yatapatikana.

Niliyozoea kuletewa yalikuwa makavu, meupe, hayana harufu. Wateja niliwaambia ni mawe, bahari imeyatupa yenyewe, mimi nimeyaokota tu kwa njia ndefu. Nilichokitoa kwenye gunia lile kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa na utelezi kama kamasi. Katikati ya matawi alikuwamo kaa mdogo sana, amekufa huku ameshikilia kwa gando moja. Jiwe halinuki. Hilo hata mimi nalijua. Nikayahesabu, nikayahesabu tena, na mara ya pili yakazidi, kwa kuwa tawi moja lilinikatikia mkononi.

Simu ya mdogo wangu ilinikuta bado nimechuchumaa.

Mdogo wangu aliolewa pwani, kusini ya Mombasa, na mtu aliyekuwa utingo wa malori, enzi alizoshinda hapa akisubiri foleni isogee. Foleni ya mpakani imeozesha wasichana wengi kuliko sheikh yeyote. Mume akaachana na malori akarudi kwao kuvua, na mdogo wangu, msichana wa Busia aliyekuwa akiogopa hata mto Sio, akajifunza kutoka na wanawake wenzake maji yakipwa, fimbo mkononi, kutafuta pweza kwenye mashimo ya miamba. Kijiji chao kimefunga sehemu moja ya miamba kwa maboya ili ipumzike. Hakuna anayeingia, wala kwa ndoana wala kwa mguu, mpaka siku ya kufungua. Siku hiyo huingia pamoja wote waliotunza, na pweza wa siku hiyo wanakuwa wakubwa na wengi. Ndiyo siku inayolipa karo na mabati. Mdogo wangu ni mmoja wa wanawake wa zamu, wanaokaa juani kuangalia nani anakaribia maboya. Siku ya kufungua ilikuwa imekaribia.

"Dada," alisema, bila salamu. "Kuna mzigo umekujia kutoka huku?"

"Mzigo gani?"

Mfanyabiashara akiulizwa swali hujibu kwa swali, ni tabia inayotoka mdomoni kabla ya akili kufika.

"Dada."

"Mizigo inakuja kila siku."

"Wamekuta kumevunjwa ndani ya maboya. Kumevunjwa kama mtu amepita na shoka. Kamati ya ufuo inakaa Ijumaa baada ya swala, wajue ni nyumba gani. Atakayepatikana haingii siku ya kufungua, wala mkewe, wala wanawe. Mume wangu haniangalii usoni tangu jana. Na wewe unanijibu kama mtu wa forodha."

Nikamwambia sauti inakatika. Haikuwa inakatika.

Sikuwa nimepata muda wa kunawa mikono, shemeji naye akapiga. Yeye alikuwa na furaha ya mtu anayeogopa.

"Shemeji, umepokea? Ulitaka makubwa, hayo ndiyo makubwa. Sikupata nafasi ya kuyaosha, yatie jiki ya kung'arishia nguo usiku mmoja yatakuwa kama maziwa."

"Umeyatoa wapi?"

"Baharini, shemeji. Mengine hutoka wapi?"

"Ndani ya maboya?"

"Makubwa hayapatikani nje tena."

"Ya nje yamekwenda wapi?"

"Yamekuja kwako, shemeji. Miaka yote hii." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemjulisha mwenzake bei ya sukari. "Sasa yavushe leo. Yakishafika Uganda yamekuwa ya Uganda. Na mdogo wako akikuuliza, hujaona kitu."

Nilikaa pale sakafuni. Nilikumbuka Idi iliyopita, mdogo wangu alipokuja kututembelea, alivyosimama mbele ya kona yangu ya bahari akashika tawi moja na kuligeuza. Akaniambia hizi ni nyumba za pweza, na kwamba tawi kama hili hulikati mwaka huu ukalikuta limeota tena mwakani. Nilimtania. Nilimwambia maji yetu ya huku hayafiki hata kwao, yanaingia ziwani, yanashika Nili, yanakwenda Misri. Ukitaka kumlaumu mtu wa Busia kwa jambo la bahari, kaulize Wamisri kwanza. Alicheka, kisha akanihesabia yeye anafanya nini. Hakanyagi matumbawe, anapita penye mchanga hata kama ni kuzunguka. Hachokoi shimo kwa nguvu likabomoka. Pweza mdogo anamwacha. Wageni wakija kuogelea anawaomba wasisimame juu ya miamba, na wengine wanamsikia.

"Kazi yako wewe ni ndogo kuliko zote," aliniambia. "Usinunue."

"Nisiponunua mimi atanunua mwingine."

"Basi anunue huyo mwingine."

Nilibadilisha mazungumzo. Najua kubadilisha mazungumzo.

Jioni ya siku ile ya gunia nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia gunia liko kwangu, limefunguliwa, na ni mumewe. Akasema anakwenda kwa mwenyekiti wa kamati sasa hivi, kabla hajaogopa zaidi.

Aliponipigia tena sauti ilikuwa imekauka. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia: gunia likifika mbele ya kamati Ijumaa, litahesabiwa ni mali iliyorudishwa na mwenye nyumba. Likivuka mpaka, ni wizi, na nyumba nzima imetoka.

"Usiliuze, dada."

"Siuzi."

"Usilivushe."

"Nimekusikia."

"Sema tena."

Nikasema tena. Sikumlaumu kwa kutaka kulisikia mara mbili, maana ndivyo mimi mwenyewe ninavyofanya na watu wote.

Dereva alikuwa akishusha mzigo wake kwa mwenye ghala wa hapahapa mjini, kesho yake jioni angegeuza tupu kurudi Mombasa. Kwa hiyo nilihitaji kulilaza gunia hadi kesho yake. Stoo yangu ina mazulia, na mazulia hushika harufu kama mtoto anavyoshika matusi. Nikamwomba mwuza omena anihifadhie nyuma ya magunia yake, pale ambapo pua hazishangai. Alikubali kwa sharti kwamba nisimwambie kilichomo. Nilimwambia hilo ni sharti jepesi.

Asubuhi nilifungua duka mapema nikaanza kufuta vioo vilivyokuwa safi. Kila aliyepita akikunja pua niliona ni mpelelezi. Mtu wa forodha alikuja kununua saa, nikampa bei ya chini kuliko niliyonunulia, naye akashuku saa ni mbovu akaiacha.

Mama wa Tororo alifika kabla ya adhuhuri. Sikumwita. Alikuja tu, kama wateja wazuri wanavyokuja, siku usiyowataka.

"Hajati, ile maua yangu ya bahari imefika?"

"Bado, nyabo," nikamwambia, nikimpa heshima ya kwao. "Barabara."

"Barabara imefanya nini?"

Nilikuwa bado natafuta barabara imefanya nini, pale mwuza omena alipoinua kichwa. Namfahamu miaka mingi na sina shaka kwamba hakukusudia ubaya.

"Mteja wako amekuja? Basi Hajati, nitolee gunia lako, linawaharibia omena wangu jina."

Mama wa Tororo alishalivuta kabla sijazunguka meza. Akafungua mdomo wa gunia, akarudisha kichwa nyuma, akaingiza mkono hata hivyo. Akatoa tawi refu kama mkono wa mtu mzima.

"Hii ndiyo nilikuwa nasema. Inanuka, lakini jiki iko. Wewe ulinificha kwa sababu unataka kunipandishia?"

Sasa, kwenye safu yetu ya maduka hakuna anayemwambia mteja siuzi. Hilo ni neno la mtu asiye na adabu, na litakufuata mpaka kwa wanao. Mteja akitaka kitu usichotaka kumpa, unamtajia bei ya kumwambia aende salama. Yeye anaisikia, anajua umemkatalia, anasema nitarudi, mnaagana vizuri. Kila mtu kutoka hapa hadi Malaba anaijua lugha hiyo. Nami niliitumia bila kufikiri. Nilitaja bei ambayo ningeona aibu kuitaja hata kwa kioo cha ukuta mzima, nikaitaja kwa sauti, ili safu yote isikie kwamba nimekataa.

Mama wa Tororo alilitazama tawi. Akaligeuza upande wa pili.

"Sawa," akasema.

Wauzaji wawili upande wa pili waliacha walichokuwa wakifanya. Bei ikishatajwa na ikakubaliwa, kitu si chako tena. Hilo nalo kila mtu anajua, na watu wamenyimwa mikopo kwa miaka kwa kulivunja. Alikuwa ameshaanza kufungua pochi.

"Siuzi," nikasema.

"Umetaja bei."

"Nimetaja."

"Nimekubali."

"Umekubali."

"Sasa?"

"Sasa siuzi, nyabo. Linarudi lilikotoka."

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa haraka, nikianzia katikati: mdogo wangu, maboya, Ijumaa, pweza. Nilimwambia haya si mawe, yalikuwa hai wiki iliyopita, na kama angetaka nimwonyeshe kaa. Alinisikiliza akiwa na uso wa mtu anayesikiliza sababu za fundi.

"Kwa hiyo yale umeniuzia mbele, ile meupe, yalikuwa nini?"

"Hayo hayo," nikasema.

Akalirudisha tawi kwenye gunia taratibu, zaidi ya nilivyotegemea. Akajifuta mkono kwa leso.

"Mimi nakuja hapa kwa sababu wewe ni mtu ya neno moja. Kama ulikuwa hutaki, ungesema."

"Ndivyo nilivyosema, nyabo. Kwa bei."

"Mimi si mtu ya bei. Mimi nina vyumba nimeahidi." Akatazama ndani ya duka, kwenye kitambaa nilichomwekea. "Na ile pazia, usikate."

Aliondoka bila kusema atarudi. Safu nzima ilirudi kwenye kazi zake kwa kelele kuliko kawaida. Mwuza omena aliniletea chai ambayo sikuagiza, akaiweka mezani, akaondoka bila kunitazama.

Jioni nilimfuata dereva mwenyewe. Nilikuwa nimelifunga gunia kwa nailoni tabaka juu ya tabaka. Ningeweza kumwambia ni mapambo yaliyokataliwa. Lakini njiani kuna vizuizi, na kubeba matumbawe bila kibali ni kosa. Kama angeshikwa, angeshikwa na kitu asichokijua, kwa ajili ya familia asiyoijua. Nikamwambia yote.

Aliegemea tairi. "Kwa hivyo nimetoka nayo Mombasa kama mwizi, na sasa unataka niirudishe kama polisi?"

"Ulibeba usichokijua. Sasa nakwambia."

"Ungenyamaza ningebeba kwa bei ya kawaida."

"Najua."

"Mathe, wewe leo uko sawa?"

Nilimpigia mwenyekiti kwa namba niliyopewa na mdogo wangu, nikampa dereva simu. Waliongea. Sikusikia upande wa pili, nilisikia tu "sawa mzee," "eeh mzee," "na wakinisimamisha?" halafu "sawa" nyingine ndefu. Alinirudishia simu.

"Wakinisimamisha nampigia huyo mzee, anawaambia ni ya kamati. Lakini inakaa nyuma kwa trela. Kwa kebini haingii tena, hata ukiniongezea."

Hatukubishania bei. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwambia mtu ataje mwenyewe, na nadhani ilimtia wasiwasi, maana alitaja ndogo.

Alhamisi simu yake haikupatikana. Niliijaribu asubuhi, nikaijaribu mchana. Niliondoa matumbawe meupe kwenye kona ya bahari, nikabaki nimeyashika, sina pa kuyapeleka. Kuyauza siwezi, kuyatupa kwenye jaa la Busia niliona kama kuyavunja mara ya pili. Nikayafunika kwa kanga stoo. Makombe nayo nikayatazama, nikakumbuka kwamba nayo yalikuwa na mwenyewe ndani. Nikayafunika pia. Kona ikabaki tupu, vumbi likaonyesha kila kitu kilipokuwa kimekaa.

Mdogo wangu alinitumia ujumbe: Limefika wapi. Nikamjibu: Liko njiani. Hilo lilikuwa kweli kwa maana ya kwamba sikujua.

Ijumaa asubuhi dereva alipatikana. Alikuwa mizani ya malori ya Mariakani, kabla ya kufika Mombasa, foleni haisogei, lori tupu linapimwa kama limejaa. Nikamwuliza amebakiza muda gani. Akaniambia mathe, hiyo ni swali ya kuuliza mizani.

Wanaume walikwenda kuswali, safu ikanyamaza. Nilikaa kwenye kiti changu nikiitazama simu. Mke wa mwuza omena akaja kuuliza bei ya kioo, nikamwambia achukue aende akakijaribu nyumbani. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Mdogo wangu alipiga alasiri.

"Limefika," alisema. "Walikuwa wameshaanza kukaa. Mwenyekiti aliwaambia wasubiri. Wakasubiri kidogo, wengine wakaanza kusema hakuna gunia, huyu mwanamke anatupotezea muda. Halafu tukasikia honi barabarani. Dereva wako hakushuka hata, aliwasukumia wakalipokea."

"Wamesemaje?"

"Wamelifungua mbele ya watu."

"Wamesemaje, mdogo wangu?"

"Mume wangu haingii maji yale mwaka huu. Ataweka maboya mapya kwa mikono yake. Alikubali. Aliona aibu, dada, sijawahi kumwona vile."

"Na wewe?"

"Mimi sikutolewa. Zamu yangu nabaki nayo. Lakini siku ya kufungua wamesema nisiingie. Nitakaa ufuoni kwenye mizani, niwapimie wenzangu."

Nilitaka kusema kitu cha maana. Nilichosema ni kwamba nitatuma karo ya muhula huu. Akasema hakunipigia kwa ajili ya karo. Nikasema najua, na nitatuma.

Siku ya kufungua ilipofika alinipigia akiwa mizanini. Alisema ananipigia tu, nisiongee sana, anahesabu. Kwa nyuma nilisikia wanawake wakitoka majini, wakicheka, wakitupiana maneno. Mmoja akasema kwa sauti, huyo msichana wa malori asituibie gramu. Mdogo wangu akamjibu kwamba leta pweza mwenye uzito kwanza ndipo uogope kuibiwa. Walicheka, naye akacheka, kicheko kifupi.

"Wakubwa?" nikauliza.

"Wakubwa. Upande wa maboya ya kati. Upande uliovunjwa hawakupata kitu, wamepita tu."

"Na ufunguzi ujao? Utaingia?"

"Hawajasema. Nimeuliza, wamesema wataangalia." Akamwita anayefuata alete kikapu chake. "Dada, nyamaza kidogo. Nikikosea huyu, watasema nimekusudia."

Nikanyamaza. Akaweka simu mahali, bila kuikata, nikamsikia akisoma uzito, akausoma tena, kisha mwanamke mwingine akaurudia nyuma yake kuhakikisha.